Kichuguu cha Katuba kisihamishwe

Katika lupango mmoja, yaani kiwanja cha nyumba, wa Katuba, komine ya Lubumbashi, kuna kichuguu kilichovikwa vipande vya karo (vigae), vioo na malakiti, lile jiwe la kijani la shaba, kuanzia chini hadi karibu na kilele. Toka barabarani hukioni. Tangu picha zake zianze kuzunguka kwenye simu za watu wa Lubumbashi, kila mtu ana mpango nacho. Wengine wanataka sehemu za malakiti zikatwe zipelekwe mahali penye ulinzi na taa nzuri. Wengine wanasema lupango ukatwe vipande viwili, nyuma pajengwe vyumba vya kupangisha, kichuguu kibaki kwenye kona kama kitabaki. Wengine wanataka mlango wa tiketi. Mimi nasema kiachwe palepale, kizima, na aliyekijenga awe wa kwanza kuulizwa na wa mwisho kukubali.

Sitataja avenyu. Mzee ameomba hivyo, na nadhani ana haki ya kuamua nani aingie kwake na siku gani.

Ukipita mlango wa bati unakuta ua kama ua wowote wa Katuba: kamba ya nguo, mabeseni, mbabula ya kupikia na gunia la mkaa. Nyuma ya nyumba ndipo macho yanaposhtuka. Kichuguu ni kile cha kwetu, kikubwa, kirefu kupita watu wawili waliosimamishwa mmoja juu ya mwingine. Wengi tumezaliwa tukiviona, tumeviteleza tukiwa watoto, na tumeona vikichimbwa hadi kwisha kwa sababu udongo wake unatoa matofali mazuri. Nyumba nyingi za mji huu ni vichuguu vilivyochomwa tanuruni. Hiki mzee alikataa kukichimba. Alikuwa fundi wa kupiga karo, kazi iliyompeleka katika nyumba za wenye pesa katika komine nyingi za mji, na kila jioni alirudi na mabaki ambayo mwenye nyumba alikuwa atayatupa.

Chini kabisa kuna mshipi mweusi wa masalio ya tanuru la shaba, yale mawe ya kung'aa kama kioo ambayo mji huu ulirundika mpaka yakawa mlima karibu na bomba kuu la moshi. Juu yake karo nyekundu na za rangi ya maziwa, za zile nyumba za zamani zenye baraza pana. Kisha kioo cha kahawia cha chupa za bia ya Tembo, kimechongwa makali yake moja moja ili mtoto akishika asikatwe. Kisha sahani zilizovunjika, nyeupe zenye maua ya bluu, ambazo majirani walimletea baada ya harusi na matanga. Na kuanzia usawa wa kifua, malakiti.

Tumezoea malakiti ikiwa imeshafanywa kitu: yai, mkufu, sahani ya kuwekea majivu ya sigara, tembo mdogo wa kumuuzia mgeni anayekwenda uwanja wa ndege. Hapa ni vipande ambavyo wachonga mawe huvisukumia chini ya meza. Kila kimoja kina mistari yake ya kijani, hafifu na nzito, na mzee amevipanga ili mstari wa kipande kimoja uendelee kwenye kinachofuata. Ukitembea polepole kuzunguka kichuguu unaona mto. Hakuchora mto popote. Amefuata mistari iliyokuwa ndani ya jiwe, na mkono wake ukawa na subira ya kutosha kuiunganisha. Nilizunguka, nikarudi nyuma, nikazunguka tena, na sikuona haya kutoa machozi mbele ya watoto wa jirani.

Kuna misalaba ya shaba pia, ile mifupi yenye mikono minne ambayo zamani ilikuwa pesa katika nchi hii, nayo ameitengeneza kwa waya wa shaba uliopondwa na kulazwa katika simenti. Kuna treni, maana reli ilifika hapa mwaka 1910 na mji ukazaliwa nayo. Kuna wanawake wamebeba mabeseni, na mmoja wao, mzee alinionyesha kwa kidole, ni mke wake marehemu.

Viatu vinaachwa kwenye ngazi. Nilidhani ni heshima tu, lakini sababu ni ya kifundi. Malakiti ni jiwe laini. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs inafika 3.5 hadi 4, wakati chembe za mchanga wetu, ambazo nyingi ni kwatsi, zinafika 7. Kiatu kimoja chenye mchanga kinaweza kufuta katika dakika moja ung'avu uliochukua siku kuupata. Asidi nayo huila, hata ya limau, kwa hiyo chini ya mto ule wa kijani hakuna anayeruhusiwa kula machungwa. Mahali ambapo maji ya mvua hupita kwa nguvu mzee ameweka karo, na malakiti ameificha chini ya vijukwaa vidogo vya simenti vinavyotokeza kama mapaa.

Kichuguu chenyewe kina tabia yake. Udongo wake una mfinyanzi mwingi. Mwezi wa tisa unakauka na kusinyaa, na mvua za mwezi wa kumi na moja zikianza unavimba. Ukipaka simenti moja kwa moja juu yake, mwaka wa pili yote yanapasuka na kudondoka. Mzee alifunga kwanza wavu wa waya wa kufugia kuku, akapaka simenti nyembamba kwa mapande, akaacha nafasi kati ya pande na pande. Kwa mbali nafasi hizo zinaonekana kama sehemu ya mchoro. Matundu ambayo mchwa hupumulia hakuyaziba. Kilele amekiacha udongo mtupu, na mti uliokuwapo tangu awali bado umesimama.

"Benyewe ndiyo benye nyumba," aliniambia juu ya mchwa. "Mimi niko napamba tu."

Hapa ndipo ninapoona kosa la wanaotaka kuikata malakiti na kuihamisha. Wanadhani uzuri uko katika jiwe, na kichuguu ni ukuta tu wa kulibandika. Lakini katika nchi hii jiwe hili na udongo huu ni marafiki wa zamani sana. Kabla ya kampuni yoyote, kabla tanuru la mji huu halijatoa shaba yake ya kwanza mwaka 1911, wafua shaba wa Katanga walichimba malakiti wakati wa kiangazi, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakalijaza mkaa wa mti mgumu na jiwe la kijani, wakavuvia mivukuto mpaka mukuba, yaani shaba, ukatiririka chini. Misalaba ile ilizaliwa hivyo. Mzee wa Katuba hakusoma hayo popote. Baba yake mkubwa alimweleza, na yeye ameyaweka tena pamoja, udongo na jiwe, bila moto. Ukipeleka jiwe kwenye sanduku la kioo na kuuacha udongo nyuma, umebaki na vipande vya kijani tu.

Kuna jambo jingine linalonichoma. Mji wetu umeishi zaidi ya miaka mia moja kwa kutoa mawe na kuyapakia. Kila siku malori yanaelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Sisemi biashara hiyo ife, watoto wetu wanakula kwayo. Nasema kwamba katika mji mzima ni shida kupata mahali ambapo jiwe la Katanga limebaki Katanga kwa sababu mtu wa hapa aliliona zuri. Lupango huu ni mahali pa namna hiyo, na sioni sababu ya kuupakia nao.

Wanaosema kazi ya fundi wa mtaani haiwezi kulindwa kisheria wanapaswa kutazama Chandigarh, India. Nek Chand alikuwa mkaguzi wa barabara tu. Mji mpya uliochorwa na msanifu majengo Le Corbusier ulikuwa unajengwa, na vijiji vilivyokuwa hapo vilibomolewa. Kuanzia mwaka 1957 alikusanya masalio, vyungu vilivyovunjika, bangili, mawe ya mtoni, akajenga kwa siri katika msitu ambao kisheria ulikatazwa kujengwa chochote. Serikali ilipogundua ingeweza kubomoa yote kwa siku moja, na sheria ilikuwa upande wake. Badala yake mwaka 1976 bustani ilifunguliwa kwa watu wote, Nek Chand akapewa mshahara na wafanyakazi wa kumsaidia aendelee palepale. Miaka mingi baadaye, tingatinga zilipotaka kupita kwenye bustani hiyo, wakazi walishikana mikono mbele yake. Alifariki mwaka 2015 akiwa mtu anayeheshimiwa duniani, na bustani yake ipo.

Los Angeles nako walikuwa na Simon Rodia, mhamiaji wa Kiitalia, aliyejenga minara yake peke yake kati ya 1921 na 1954 kwa chuma, wavu wa waya, simenti, karo na vioo vya chupa. Ni vitu vilevile vya Katuba. Mwaka 1959 mji ulisema minara ni hatari, ibomolewe. Watetezi wakaomba jaribio, minara ikavutwa kwa nguvu ya karibu kilo 4,500, na mtambo ndio ulioshindwa. Nayataja haya kwa sababu nimesikia mtu aliyesoma akisema mbele ya mzee kwamba kazi yake "haina ufundi". Mwenye shaka alete mhandisi apime, halafu tuongee.

Chartres, Ufaransa, ndiko kunakonitisha. Raymond Isidore, mfanyakazi wa makaburi, aliijaza nyumba na bustani yake vipande vya sahani huku watu wakimcheka. Alifariki mwaka 1964. Mji uliinunua nyumba hiyo mwaka 1981. Miaka kumi na saba baada ya kumzika. Sitaki tufanye hivyo kwa mtu ambaye leo bado anaweza kutuambia kila kipande kilitoka wapi.

Kwa hiyo naomba mambo yanayowezekana. Watu wa Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi waende kwake na kamera na daftari, wapige picha kila upande, waandike anachokumbuka, waondoke mikono mitupu. Vijana wa ujenzi wakae naye kiangazi kimoja wajifunze ule mpango wa wavu na nafasi, maana hakuna kitabu kinachoeleza namna ya kupiga karo juu ya udongo unaopumua. Biennale ya Lubumbashi, yale maonyesho ya sanaa ambayo tangu mwaka 2008 inatuletea wasanii wa mbali, iulize kama anapenda kupokea wageni, na akikataa iwe imekwisha.

Wataalamu wa udongo wa Unilu, chuo kikuu chetu cha Lubumbashi, nao waje, na hili nalisema kwa moyo mzito kwa sababu linagusa chakula. Pembeni ya kichuguu familia inapanda matembele na lengalenga, kwa kuwa udongo unaoporomoka kutoka kichuguu una rutuba. Lakini ule mshipi mweusi wa masalio ya tanuru, na vumbi la malakiti, vina madini ambayo mboga inaweza kuyanyonya. Mzee mwenyewe amesogeza bustani ya mboga upande wa juu ambako maji ya mshipi hayafiki, na anakata malakiti ikiwa imelowa maji ili vumbi lisiruke. Ni busara yake. Bado natamani udongo ule upimwe na familia ipewe jibu lililoandikwa.

Kubwa kuliko yote ni karatasi. Mzee ana watoto kadhaa, wengine wako Kolwezi, wengine Kinshasa, na kila mmoja ana shida zake za kweli. Siwalaumu wakifikiria kuuza nusu. Kodi ya vyumba ni pesa ya kila mwezi, kichuguu hakileti kitu. Ndiyo maana tiketi siipingi kabisa; nachopinga ni tiketi inayouzwa na mtu wa nje. Kama wageni watachanga chochote, kiingie mkononi mwa familia, na familia ikiona kichuguu kinasaidia shule ya wajukuu, itakuwa na sababu ya kutia sahihi kwamba lupango haugawanywi. Binti yake wa kwanza, ambaye ndiye anayekaa naye, ameniambia yuko tayari kuwaita ndugu zake wakae kikao mzee akiwa hai. Wenye ujuzi wa sheria za ardhi, kikao hicho kinahitaji mtu mmoja wenu atakayekuja bila kudai malipo.

Sisi wengine tuna la kufanya kabla ya mvua. Upande wa mashariki wavu umeoza na mapande mawili yamelegea. Nilimwuliza mzee anahitaji nini akasema wavu mpya, simenti mfuko mmoja, na karo nyekundu za zamani, zile nene, maana mpya ni nyembamba na rangi yake iko juu juu. Kama mnabomoa baraza kwenu, msitupe. Zioshwe, zifungwe kwenye gunia, mniandikie, nitazifikisha.