Jini wa Dola Moja

Mimi ni mtoto wa Sahare, Tanga. Sifa hiyo niliitangaza garini tangu tunatoka Winnipeg, Kanada, mpaka tunafika ziwa West Hawk Lake, kilomita kama 150, na shemeji yangu hakunikatiza hata mara moja.

"Ziwa, shemeji? Mimi nimekua na bahari!"

Akanijibu tu kwamba ziwa lenyewe lilichimbwa na kimondo, na kina chake ni mita 115. Hapo nikanyamaza kidogo.

Uvuvi sitaki kuuzungumzia sana. Sheria ya Manitoba, jimbo lenyewe, haitaki ndoana yenye kile kijino cha kumzuia samaki, kwa hiyo kila aliyechomoka niliisingizia serikali. Kilichonasa kikakaa ni kofia ya shemeji.

Jua la mwezi wa sita huku huzama inakaribia saa nne usiku. Mbu wao hawana malaria, ila wakikuvamia hilo halikumbukwi. Kabla ya kulala shemeji alikusanya chakula chote akakifungia garini, kwa sababu ya dubu. Mimi nilikuwa na kifuko cha dagaa wa kukaanga mfukoni mwa koti. Sikusema. Ugenini mtu halali bila cha kutafuna.

Usiku wa manane, misonobari imetulia, nikasikia mwanamke analia katikati ya ziwa. Kilio kirefu, kinapanda, kinavunjika, kinashuka. Halafu akacheka. Usiku ule, juu ya mita 115 za maji, anacheka! Nikaanza Ayatul Kursi, ikanipotea katikati, nikarudi mwanzo. Mwingine akajibu kutoka ng'ambo. Kumbe wako wawili.

Nikavuta zipu ya hema, ikang'ata kitambaa. Yaliyofuata nimesimuliwa na shemeji, aliyekuwa kwenye hema lake: ati aliliona hema langu limesimama, likakimbia hatua tano sita, likajikwaa kwenye mzizi, likaingia ziwani. Mtoto wa Sahare nikapiga mbizi kwenye maji ya magotini. Baridi yake sina neno lake.

Alinivuta nje kwa kamba za hema. Kusema hawezi, kicheko kimemkaba. Akatoa sarafu ya dola moja, akaimulika kwa tochi.

"Jini wako huyu hapa."

Ndege! Luni, mwenye mdomo kama sindano ya kushonea magunia. Yumo kwenye sarafu za Kanada tangu 1987, na dola yenyewe watu huiita luni kwa ajili yake. Miaka minne natembea naye mfukoni, sikuwahi kujiuliza analiaje.

Shemeji akamulika majini. Dagaa wangu walikuwa wanaelea. Akawatazama, akanitazama.

"Wa humu humu ziwani," nikamwambia.

Asubuhi mzee wa kizungu aliyepiga hema jirani alikuja na kikombe chake cha kahawa. Akasema huja kila kiangazi kusikiliza luni, na jana wamelia vizuri mno, ila mmoja wao alikuwa na sauti ambayo hajapata kuisikia maishani. Akaweka kikombe chini, akakinga viganja mdomoni, akatuigia:

"Mamaaaangu-nakufaaaa!"

"Aah, huyo," shemeji akamwambia, "si wa ziwani. Huyo amekua na bahari."