Kabla hujambadilishia mbwa wako chakula tena

Ukitaka ushauri wa bure, sema tu kwamba mtoto wa mbwa wako anaharisha. Mmoja atakwambia mpe maziwa. Mwingine uji wa ulezi. Wa tatu atakuelekeza duka la dawa ukanunue vidonge vile vile tunavyomeza sisi, na yule mwenye nafasi kidogo atasema achana na chakula cha sufuria, nunua cha mfuko. Wote wana nia njema, na kwa kuwa wote wanasikilizwa, baada ya wiki moja mbwa ameonja kila kitu na bado anaharisha.

Msimamo wangu ni kwamba mbwa wengi wadogo hapa mjini hawasumbuliwi na ubaya wa chakula kama wanavyosumbuliwa na chakula kisichotulia. Jana ugali na dagaa, leo utumbo kutoka buchani, kesho makombo ya chipsi mayai, keshokutwa punje kavu za chakula cha mbwa za dukani. Tumbo la mbwa wa miezi mitatu halipati nafasi ya kuzoea lolote.

Simzungumzii mbwa anayeharisha damu, anayetapika mfululizo au aliyelala tu hataki hata maji. Huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo leo hii, maana inaweza kuwa parvo, ugonjwa wa virusi unaoua ndani ya siku chache. Ndiyo maana chanjo yake huanza mtoto wa mbwa akiwa na wiki 6 hadi 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afike walau wiki 16. Ninayemzungumzia ni yule anayecheza, anakula, anatafuna kandambili zako, lakini kinyesi chake asubuhi kimeshikana na jioni ni uji, wiki nenda wiki rudi.

Huyo naye, kabla ya kugusa chakula chake, apimwe choo. Watu husema "huyu hajawahi kutoka nje ya geti, minyoo ataitoa wapi?" Ataitoa kwa mama yake. Minyoo ya mviringo hupita kwa mtoto akiwa bado tumboni, kisha mingine humfuata kwenye maziwa. Ndiyo sababu dawa ya minyoo huanza akiwa na wiki 2 tu. Tena dawa ya minyoo si moja: iko inayoua minyoo lakini haimgusi giardia, kijidudu ambacho nacho humfanya mbwa aharishe kwa muda mrefu. Hakuna pishi litakaloponya hilo.

Choo kikionekana safi, sasa njoo jikoni. Cha kwanza kuondoa ni maziwa ya ng'ombe. Yana laktosi, yaani sukari ya maziwa, nyingi kuliko maziwa ya mbwa, na mtoto akishaachishwa kunyonya uwezo wa kuimeng'enya hupungua. Cha pili ni dagaa wasiooshwa. Waloweke kwenye beseni, wapekeche, kisha mwaga maji taratibu utazame chini. Wale waliokaushwa juu ya mchanga watakuachia tabaka unaloweza kulichota kwa kijiko, na hilo ndilo lilikuwa linaingia tumboni kila siku, pamoja na chumvi.

Ugali wenyewe nautetea. Mwaka 2013 watafiti walionyesha katika jarida la Nature kwamba mbwa wa kufugwa wana nakala nyingi zaidi za jeni ya kumeng'enya wanga kuliko mbwa mwitu (wolf), kwa hiyo ile hoja kwamba mbwa ni wa nyama tu haina miguu. Ninachogombana nacho ni ile kauli ya "haya mahindi yameota ukungu, ya mbwa hayo." Sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu, iliua watu zaidi ya 100 Kenya mwaka 2004, ikaua wengine Dodoma na Manyara mwaka 2016, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo kwa urahisi. Kupika hakuiondoi.

Baada ya hapo ni kuku wa kuchemsha bila ngozi wala mifupa, na wali uliolainika, wali ukiwa mwingi kuliko kuku. Hakuna kitunguu, hakuna mchuzi, hakuna mafuta. Kijiko cha boga lililopondwa si vibaya. Gawa milo minne midogo, na usimshindishe njaa kama wengine wanavyoshauri: mtoto wa mbwa, hasa wa umbo dogo, sukari yake hushuka haraka. Lakini wali na kuku ni wa siku chache tu. Hauna kalsiamu ya kutosha, na ukimkuza nao miezi utapata mbwa mwenye miguu iliyopinda. Choo kikishashikana, chagua chakula kimoja kamili cha mbwa wanaokua na umhamishe polepole kwa siku 7 hadi 10, ukianza na robo tu ya kipya.

Hapa kuna mtego wa punje za kupima kwa kilo kutoka gunia lililo wazi. Wiki hii unapewa za ladha ya kuku, wiki ijayo ndizo zilizokuwepo, na hakuna anayejua zimekaa hapo tangu lini. Afadhali mfuko mdogo uliofungwa, wa aina ile ile kila mara.

Kazi ngumu, hata hivyo, si kupika wala kununua. Ni watu. Mama alipokuja kututembelea nilimwomba asimpe mbwa kitu mezani. Akaniangalia. "Mwanangu, kiumbe cha Mungu kinakutolea macho hivi, wewe unameza vipi?" Mlinzi naye alikuwa na fungu lake la siri, na watoto wana mifuko. Tulikubaliana bakuli moja na mkono mmoja, na mkono huo ukawa wa Mama, kwa sababu asingeacha kulisha hata ningepiga marufuku vipi. Akageuka askari. Mlinzi mwenyewe alikuwa anamwogopa.

Na vile vidonge vya duka la dawa, metronidazo na wenzake, viacheni. Vinaua bakteria wazuri pamoja na wabaya, na ukikosea kipimo mbwa anaanza kuyumba.

Chakula kimoja bila kuchanganya, wiki 2 hadi 4. Hali isipotulia, daktari anaweza kukuambia ujaribu nyama ambayo hajawahi kula, mbuzi kwa mfano, peke yake. Mpime uzito kila wiki, upande naye mizani kisha utoe wako. Akiacha kuongezeka, hata kama choo kimekuwa kizuri, mrudishe kwa daktari.