Mwembe Upi Sasa?

Mpwa wangu anaendesha lori Marekani. Akipiga simu, salamu ni fupi, kejeli ndefu. "Mjomba, bado mnaelekezana kwa miembe huko Tabora? Huku kila njia ya kutokea barabara kuu ina namba yake!"

Haya, nieleze hizo namba. Akaeleza, na mimi nikazidi kuona kumbe wazimu hauna viza.

Majimbo mengi huhesabu kwa maili, kuanzia mpaka wa magharibi au wa kusini. Njia ya kutokea iliyo maili ya 50 inaitwa 50. Hapo sina neno, hiyo hata mtoto wa shule ya msingi anaielewa. Lakini Texas, barabara ya I-10 inaanzia sifuri (ndiyo, kuna njia ya kutokea namba 0, sijui aliyeipa namba alikuwa anamkasirikia nani) inapanda mpaka 880. Ukivuka mto Sabine kuingia Louisiana, unategemea 881? Thubutu! Unaanza moja. Mtu umekesha kwenye usukani, umezitolea jasho zote mia nane na themanini, kamto kamoja tu kamekufutia.

Kansas City ndiyo kiboko. Katikati ya jiji barabara kuu zimefanya duara, njia za kutokea zimebanana hapo hapo kwenye maili ya pili, namba zikawashinda wakaingia kwenye herufi: 2A, 2B, 2C, mpaka 2Y. Dereva yuko mbio, kushoto lori, kulia lori, naye anaimba a, be, che kama yuko chekechea.

Halafu kuna I-19 kule Arizona, kutoka Tucson hadi Nogales mpakani na Meksiko. Umbali umeandikwa kwa kilometa, mwendo kwa maili. Trafiki akikusimamisha unajitetea kwa kipimo kipi?

Sisi wenyewe tusicheke sana, maana ukitoka huku kwenda Dar, Dodoma wana Maili Mbili, Kibaha wana Maili Moja, na katikati yake mamia ya kilometa. Unakwenda usiku na mchana, umepunguza maili moja!

Ila kilichonifanya nipige meza chai ikamwagika ni Massachusetts. Hao miaka mingi walihesabu kwa kufuatana tu, moja, mbili, tatu. Mwaka 2020 na 2021 wakabadilisha kufuata maili. Watu waliozoea namba zao wangepotea, basi kwenye vibao vipya wakaongeza kibao kidogo cha njano: zamani hii ilikuwa namba fulani.

Zamani! Sasa wewe mpwa wangu, tofauti yenu na mama yako iko wapi? Dada yangu huyo, kila akikuelekeza anaanza na "pale palipokuwa na mashine ya kusaga." Mashine ilishang'olewa, mwenyewe kahamia Urambo, na hapo pamejengwa saluni.

Tofauti ni moja tu, na ndiyo inayoniuma. Zamani yao imebandikwa kwenye kibao. Yetu imo kichwani mwa wazee, na mzee usipomkuta barazani umekwisha. Namba tunazo, siyo kwamba hatuna. Tangu lile zoezi la anwani za makazi la 2022, nyumba yangu ina namba na mtaa una kibao. Mtajie bodaboda namba hiyo uone. Atakutazama kama umemsomea namba ya mita ya umeme, kisha aulize, "Ni jirani na kwa nani?"

Juzi kikao cha harusi Ipuli. Meseji ya katibu: "Ukifika kwenye mwembe mkubwa kata kushoto, ulizia kwa Mama Asali." Mwembe mkubwa, Tabora! Mama Asali, Tabora, ambako kila mtaa kuna anayeuza asali! Tumezunguka na bodaboda mpaka nimewajua akina Mama Asali wote, kila mmoja kanikaribisha vizuri na kunitajia bei ya lita. Nikafika kikao kimefungwa, soda zimekwisha, ila jina langu limeshaandikwa kwenye daftari la michango, elfu hamsini, na wala halikuhitaji kuelekezwa.

Nikampigia katibu simu, namuuliza mwembe upi. Ananijibu, "Ule uliokatwa, shemeji."