Jani la Kijani Kwenye Dumu la Sabuni Halitoshi

Biashara nyingi za kuosha mazulia zinazojitangaza kuwa rafiki wa mazingira huwa na ushahidi mmoja tu: dumu la sabuni lenye picha ya jani. Sina ugomvi na sabuni hizo. Isiyo na fosfati na inayooza upesi ni bora kuliko ile ambayo mabaki yake hurutubisha mwani mtoni hadi samaki wakose hewa. Ila kwenye sakafu ya kuoshea, uharibifu mkubwa unatokana na kiasi cha sabuni kuliko aina yake. Sabuni iliyozidi inadai maji mengi ya kuisuuza, na maji hayo yanadai mahali pa kumwagwa. Inayobaki kwenye manyoya ya zulia inanata na kunasa vumbi, basi zulia linachafuka mapema na kurudi kuoshwa kabla ya wakati wake. Wapo wanaofurahi kumwona mteja akirudi haraka. Kwangu hiyo ni kazi iliyoharibika.

Kupunguza sabuni kunaanza kabla zulia halijaguswa na maji. Sehemu kubwa ya uchafu uliomo ndani yake ni mchanga na vumbi kavu, vitu ambavyo sabuni haiviyeyushi. Ukivilowesha unapata tope, na tope huzama hadi kwenye shina la manyoya, mahali ambapo brashi haifiki. Lilaze zulia kifudifudi juu ya chaga za mbao au wavu imara, lipige mgongoni mpaka vumbi lipungue kabisa, kisha pitisha kifyonza vumbi pande zote mbili, polepole, kwanza kwa urefu halafu kwa upana. Anayepiga avae barakoa. Hatua hii ndiyo ya kwanza kurukwa siku kazi zikiwa nyingi, na hulipwa baadaye kwa maji: zulia lenye mchanga linaendelea kutoa maji ya kahawia hata baada ya kusuuzwa mara nne, na mwoshaji, akidhani ni sabuni iliyopungua, anaongeza nyingine.

Kisha vipimo. Lebo ikisema sehemu 1 kwa 40, ndoo ya lita 20 inahitaji mililita 500, basi. Anayemimina kwa kukadiria macho hufika lita nzima bila kujua. Weka jagi lenye alama mahali pa kuchanganyia, na kiasi kiandikwe ukutani kwa wino usiofutika. Povu lisikudanganye, kwa sababu si kipimo cha usafi. Kinachosafisha ni muda na brashi: iache sabuni dakika kama 10 bila kukauka, sugua, kisha ondoa. Maji magumu, yenye chokaa nyingi, hula sabuni, kwa hiyo maji ya mvua yana thamani kubwa katika kazi hii. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita 50 za mraba likipata mvua ya milimita 20 linakusanya karibu lita 1,000. Maji ya mwanzo yanayoosha paa yaachwe yapite.

Kwenye kusuuza ndiko maji mengi yanakopotelea, na hesabu yake ni nyepesi. Chukua zulia ambalo baada ya kuchuruzika limebaki na lita 10 za maji ya sabuni. Lisuuze kwa lita 40 kwa mkupuo mmoja: maji yanakuwa lita 50, na likichuruzika tena hadi lita 10, ndani yake kuna moja ya tano ya sabuni. Lita 40 hizo hizo zigawe mara mbili, 20 na 20. Kila awamu inaacha theluthi, na theluthi ya theluthi ni moja ya tisa. Sasa anza kwa kulikamua libaki na lita 5. Nusu ya sabuni imeshatoka kabla hujatumia tone moja la maji safi. Ukilisuuza mara mbili kwa lita 20 na kulikamua kila mara, inabaki moja ya hamsini. Maji ni yale yale, lita 40. Kwenye zulia nene matokeo hayatakuwa sahihi kiasi hicho, maana maji hayachanganyiki sawasawa hadi ndani, lakini mwelekeo haubadiliki: kukamua ni bora kuliko kumwaga.

Ndiyo maana ningemshauri mwenye biashara mwenye fedha ya kununua kitu kimoja tu anunue mashine ya kukamulia kwa kuzungusha, kabla hata hajafikiria sabuni ya bei ghali. Asiyeweza, atumie mpira wa kusukumia maji, akisukuma kwa kufuata ulalo wa manyoya, mistari ikipishana kidogo. Faida ya pili ni ukaushaji. Zulia linalokaa na unyevu zaidi ya siku moja au mbili huota kuvu, na lenye mgongo wa juti (nyuzi za magunia) au pamba huweza kutokwa na madoa ya kahawia yanayopanda juu kwenye manyoya, hasa likiwa limeoshwa kwa sabuni kali. Likifika hapo linaoshwa upya, na akiba yote ya maji imekwenda.

Maji ya kusuuza mara ya mwisho bado yana kazi. Yakinge kwenye pipa, uyatumie kulowesha na kuosha kwa mara ya kwanza zulia linalofuata, kamwe si kulisuuzia mwisho. Hapa pana masharti yasiyo na mjadala. Maji yaliyotoka kwenye zulia lenye mkojo, matapishi au lililofikiwa na majitaka hayarudiwi. Ya zulia linalochuja rangi pia hayarudiwi; lipime kabla kwa kukandamiza kitambaa cheupe chenye maji juu ya manyoya kwa dakika moja, kisha kitazame. Na maji yaliyokingwa yasilale zaidi ya siku moja, kwani yataoza na harufu yake itaingia kwenye zulia la mteja asiye na hatia.

Yasiyofaa tena yapite kwanza kwenye wavu mwembamba wa kunasa nyuzi, halafu yatulie usiku kucha kwenye pipa ili mchanga uzame, ndipo ya juu yaelekezwe kwenye bomba la majitaka. Si kwenye mtaro wa mvua. Mtaro wa mvua kwa kawaida humwaga mtoni au baharini moja kwa moja bila maji kusafishwa popote. Tope la chini ya pipa nalo lina vipande vya nailoni na poliesta, yaani plastiki tupu, kwa hiyo liende kwenye taka na lisitandazwe bustanini kana kwamba ni udongo.

Dawa ya klorini haina nafasi kwenye zulia la sufu: inamumunya nyuzi zenyewe. Na ikikutana na siki, ambayo wengi huiweka kidogo kwenye maji ya mwisho ili kupunguza ukali wa sabuni, hutoa gesi ya sumu. Viwili hivyo visikae rafu moja.

Madumu matupu ndiyo yanayopigwa picha zaidi, ingawa ni sehemu ndogo ya suala lote. Suuza kila dumu mara tatu, maji hayo yamimine kwenye ndoo ya kazi badala ya kuyatupa, kisha lirudishe kwa muuzaji likajazwe tena. Lisigeuzwe la maji ya kunywa wala mafuta ya kula hata likinukia usafi. Plastiki ya kufungia zulia safi ningeiondoa kabisa. Shuka la kitambaa linatosha, linafulika, na unyevu kidogo uliobaki unapata pa kutokea.

Linabaki zulia lisilookoleka, lile ambalo mteja anasema "nitupieni". Lijue kwanza. Ng'oa unyuzi, uutie kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni na uukande viputo vya hewa vitoke. Polipropilini, aina ya plastiki, huelea; nailoni, poliesta na sufu huzama. Nailoni 6, mojawapo ya aina za nailoni, inaweza kurudishwa kiwandani hadi malighafi yake ya awali, lakini mazulia mengi yana mgongo uliogandishwa kwa lateksi, yaani gundi ya mpira, na chokaa, na kuutenganisha ndiko kunakokwamisha wasindikaji. Kabla ya kumwahidi mteja kwamba zulia lake "litarejelewa", hakikisha yupo anayelipokea. Kama hayupo, mwambie hivyo. Sehemu nzima zikatwe ziwe vipande vya kuwekea chini ya mashine, mikeka ya mlangoni au vifuniko vya kukinga samani wakati wa kuhamisha. Zisiwekwe kwenye bustani ya mboga, kwa sababu mazulia mengi ya zamani yalipakwa dawa za kuzuia madoa za jamii ya kemikali ziitwazo PFAS, ambazo hudumu udongoni miaka mingi. Wala zisichomwe uani: mgongo wa plastiki ya PVC ukiungua hutoa gesi ya asidi inayochoma mapafu, na moshi wake unaweza kubeba dioksini, kemikali zenye sumu kali.