Nilianguka kabla ya wiski, si baada

Naomba kwanza niiweke sawa ratiba, maana yule swahiba wangu wa Mombasa (jina simtaji, tumwite Mpwani, anajijua, na najua anasoma hapa) ameshawaaminisha watu kwamba nilitumbukia ziwani nikiwa nimelewa. Ratiba ilikuwa hivi: asubuhi ngome, mchana ziwa, jioni kiwanda cha wiski. Ziwa limetangulia wiski. Nilipoingia majini, tumboni mlikuwa na chai na mkate wa mayai, basi.

Ile picha aliyoirusha kwenye kundi, mimi nimeshika glasi mbili na nimevaa suruali ya ng'ombe, ni ya kweli. Ila ni ya saa kumi. Mimi nilizama saa saba.

Haya. Jumamosi tukatoka Glasgow, huku Uskoti, na basi dogo, abiria kumi na sita, kiongozi wetu mzee mmoja mcheshi kavaa kilti, ile sketi ya wanaume wa Kiskoti, na soksi za kufika magotini, kipaza sauti kimembana shavuni. Kituo cha kwanza Stirling. Ngome imekaa juu ya jabali, ukisimama ukutani unaliona bonde lote mpaka kule darajani ambako William Wallace na mwenzake Andrew Moray waliwachapa Waingereza mwaka 1297. Ukumbi mkubwa wameupaka rangi ya dhahabu, kama nyumba ya mstaafu aliyelipwa mafao jana.

Hapo mzee akatusimulia habari za John Damian, mtu wa Mfalme James IV, kazi yake kutafuta namna ya kugeuza madini ya kawaida kuwa dhahabu. Mwaka 1507 alijifunga mabawa ya manyoya, akatangaza kuwa anaruka kwenda Ufaransa, akajirusha kutoka pale ukutani. Inasemekana alitua kwenye lundo la samadi, akavunjika paja. Utetezi wake sasa: kwenye yale mabawa walimchanganyia manyoya ya kuku, na kuku kawaida yake ni jalalani.

Nilicheka, jamani. Nilicheka kuliko abiria wote, nikapiga na mapaja. Kicheko hicho kiwekeni akiba.

Tukaelekea Loch Lomond. Ndani ya basi mzee akajisifu kwamba hilo ndilo ziwa kubwa kuliko yote katika kisiwa kizima cha Britania, kilomita za mraba 71. Mimi mtoto wa Mwanza nikae kimya? Nikanyoosha mkono. Nikamwambia mzee wangu, kwetu kuna ziwa la kilomita za mraba karibu 69,000, hili lako linaingia humo mara mia tisa na bado nafasi inabaki ya kuanika dagaa. Basi zima likacheka. Mpwani akanikanyaga mguu.

Yule mzee akatabasamu tu. Akauliza, "Na kina je?" Nikasema mita themanini hivi. Akasema, "La kwetu ni 190."

Mia moja na tisini. Hiyo namba iliniingia kichwani ikakaa. Huenda alisema pia kwamba kina hicho kiko huko kaskazini na kwamba tunakokwenda ni kina kifupi. Mpwani anaapa alisema. Mimi sikusikia, nilikuwa naitafakari mia moja na tisini.

Sasa kuna jambo sikuwaambia watu wa kwenye basi, nawaambia ninyi: kuogelea sijui. Ndiyo, nimekulia Mwanza. Ndiyo, ziwa nililiona kila siku. Lakini mama yangu alikuwa na sheria moja: ziwani kuna kichocho, kuna mamba, na kuna watoto wasiosikia la mkuu. Ukirudi nyumbani miguu imepauka kwa maji ya ziwa, unachapwa kabla ya salamu. Nimelijua ziwa kwa macho na kwa sato wa kukaanga.

Tukashuka kijiji cha Luss. Ufukwe wa kokoto, gati la mbao, na ng'ambo ya maji Ben Lomond, mlima wa mita 974, umejifunika wingu kichwani. Nikasimama kwenye jiwe karibu na maji, nikatanua mikono kama naitoa hotuba. Mpwani ndiye mpiga picha. Akasema, "Yakhe, rudi nyuma kidogo, mlima umekatika."

Nikarudi.

"Kidogo tena."

Mguu wa kushoto ukalikuta jiwe la pili. Lilikuwa na ule utelezi wa kijani, laini kama bamia. Nilihisi soli inaondoka bila mimi. Mikono ilikuwa bado imetanuka, nikaanza kuipiga juu chini, na nawaapia, katikati ya anga nilimkumbuka John Damian. Nikamwona Mpwani, simu bado kaishikilia vilevile. Nikaiona kofia yangu inatangulia. Halafu ubaridi. Ulinikamata kifua, pumzi ikagoma kabisa. Mwezi wa nne, jamani! Maji ya kule yametoka jana kuwa barafu.

Nikawaza: mia moja na tisini.

Nikapiga mateke. Nikapiga mikono. Nikanywa maji. Na mdomo wangu, ambao una shahada mbili na Kiingereza cha kutosha, ukatoa neno moja tu la Kisukuma: "Mayu! Mayu wane!" Mama yangu!

Yule mzee akaja mbio, kilti inapepea, mkononi boya. Akanitupia, likanigonga kisogoni. Halafu akageuka akaanza kuhesabu abiria. Alidhani Mayu ni mtu. Alidhani tumezama wawili! Mama mmoja Mjerumani akawa anavua viatu aingie kumtafuta Mayu. Watu wamekodoa macho majini, wanaita: "Mayu! Mayu!"

Hapo ndipo niliposikia sauti ya Mpwani, ya taratibu, ya mtu aliyechoka: "Simama, yakhe."

Nikamwambia siwezi.

"Simama wewe. Wasimama."

Nikageuza shingo. Hatua mbili kutoka nilipo kulikuwa na mtoto wa kama miaka minne, mabuti ya mvua miguuni na kindoo cha njano mkononi. Amesimama. Maji hayajafika ukingo wa mabuti. Ananitazama. Akamuuliza mama yake, kwa sauti ya kusikika mpaka gatini, kwa nini yule baba anaogelea na koti.

Nikasimama. Maji yalinifika chini ya goti.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniuma. Walinipigia makofi ya pole pole, yale ya kumtia moyo mtoto aliyesahau shairi jukwaani.

Yaliyofuata ni mafupi. Duka la zawadi halikuwa na suruali ila ya kulalia, ya kike, imechorwa wale ng'ombe wao wenye nywele za kufunika macho. Msukuma na ng'ombe. Wale watani zangu mlioanza tangu jana, endeleeni tu. Kiwandani nikaingia hivyo hivyo na blanketi begani. Wakatueleza shayiri, mitungi ya shaba, na kwamba kisheria haiitwi wiski ya Uskoti mpaka ilale kwenye mapipa ya mwaloni angalau miaka mitatu. Kila mwaka kama asilimia mbili inapotea hewani, wenyewe wanaita fungu la malaika. Kwa mvuke na bomba la kupoozea, nyie wa nyumbani mngeijua gongo kwa mbali. Mpwani hanywi, dini, akanikabidhi glasi yake nipate joto. Nilipozishika zote mbili akapiga picha. Mnaona mchezo huo? Na ndani ya basi mzee akatangaza kwa kipaza sauti kwamba baada ya miaka zaidi ya mia tano John Damian amepata mrithi.

Picha ilifika Mwanza kabla suruali haijakauka. Jana usiku Mayu mwenyewe akapiga simu. Habari za wiski hakuzigusa kabisa. Aliuliza, "Nilikwambia nini kuhusu kwenda ziwani?"

Nikamwambia, mama, huku hakuna kichocho.

Akasema, "Umepima?"