Mpiga picha, mwachie bi harusi rangi yake

Kila Jumatatu picha za sendofu zinaanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na kila Jumatatu ni yaleyale: uso wa bi harusi mweupe kama karatasi, mikono ya kahawia, masikio yana rangi ya tatu. Zamani kusafisha picha ilikuwa kazi ya dawa kwenye chumba cha giza. Siku hizi hapa Dar kusafisha ni kumtoa mtu weusi. Inauma. Tangu lini ngozi ikawa uchafu?

Mazoea haya hayakuzaliwa Kariakoo. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak, kampuni ya filamu za kamera, ilisambaza kwa maabara kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu, iliyoitwa Shirley, na ngozi yake ndiyo ikawa kipimo cha rangi. Mtu mweusi akitoka kama kivuli, lawama ilikwenda kwa ngozi yake, si kwa filamu. Hata mwaka 2018, watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipopima programu zinazotambua jinsia kwa sura, wanawake wenye ngozi nyeusi walikosewa hadi asilimia 34.7. Kwa wanaume weupe, makosa hayakuzidi asilimia 0.8.

Sasa tuje kazini. Kamera hupima mwanga kwa kudhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Shela jeupe likijaa kwenye fremu, inaona mwanga umezidi, inapunguza, uso unazama. Ndipo fundi anapandisha mwanga wa picha nzima kwenye kompyuta: shanga za shela zinapotea, uso unakuwa wa majivu. Ukipiga uso mweusi peke yake kwa karibu, kamera inafanya kinyume, inaongeza mwanga na ngozi inapauka.

Pima kwa nukta, yaani kamera isome mwanga wa sehemu ndogo tu, kwenye shavu lililo upande wa mwanga. Kwa ngozi nyeusi tii punguza stopu moja, yaani mwanga uwe nusu. Kwa maji ya kunde theluthi moja ya stopu inatosha. Piga RAW, faili ghafi la kamera, si JPEG iliyokwisha kubanwa. Flashi usimwelekezee usoni, na usiirushe darini kama ukumbi umefunikwa vitambaa vya zambarau, maana mwanga utarudi na zambarau yake. Weka taa pembeni, ndani ya mwavuli mweupe, mita moja na nusu kutoka kwake. Ngozi nyeusi huchorwa na mng'ao: ukiwa mpana na laini, shavu na taya vinaonekana, ukiwa mdogo na mkali, unapata doa jeupe kwenye paji la uso. Joto letu linaleta jasho, kwa hiyo tishu iwe mfukoni, na ubonyeze, usifute.

Zile priseti, mipangilio ya rangi iliyoandaliwa tayari, za kununua mtandaoni nyingi hupandisha ung'avu wa rangi ya chungwa, na ngozi zetu ndipo zilipo. Urudishe ung'avu huo sifuri.

Ni kweli, wapo wateja wanaoomba weupe wenyewe, na kodi ya studio lazima ilipwe. Lakini mwonyeshe kwanza picha iliyopimwa vizuri. Wengi hawajawahi kujiona hivyo.

Na maharusi wakiwa mmoja mweusi tii na mwenzake mweupe, msogeze mweusi karibu na taa. Mwanga hupungua haraka kadiri mtu anavyokuwa mbali nayo, hivyo hatua moja inatosha. Hakuna haja ya kumchubua mtu kwenye kompyuta.