Daftari la madeni na mashine isiyouliza

Mwezi uliopita nilimwekea mama mdogo, ambaye anauza unga wa mahindi katika komini (sehemu ya mji) iitwayo Kenya hapa Lubumbashi, Kongo, programu ya simu inayosikiliza sauti na kuandika madeni ya wateja. Siku ya tatu alinirudishia simu, akarejea kwenye daftari lake. Kiasi cha pesa alikuwa akikitaja kwa Kifaransa katikati ya sentensi ya Kiswahili, kama tufanyavyo wengi mjini humu, na programu ikaandika tarakimu nyingine kabisa bila kumuuliza lolote. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba alijilaumu mwenyewe, akidhani hajui kusema vizuri.

Kosa halikuwa lake. Akili bandia ya namna hii hukisia: huchagua maneno yanayoelekea zaidi kutokana na mifano iliyotumika kuifunza, na mifano hiyo ikikosa Kiswahili chetu chenye «njo» (ndio) na «bukari» (ugali), makisio yatakwenda kombo. Msanifu anayelijua hilo, na bado akajenga mfumo usiothibitisha kitu kabla ya kukiandika, ameamua kwamba hasara ya makosa ailipe muuza unga.

Wala si kwamba maarifa hayapo. Kanuni ya kimataifa ISO 9241-210, inayohusu usanifu wa mifumo ya kompyuta na iliyotolewa upya mwaka 2019, inataka watumiaji washirikishwe katika hatua zote za usanifu. Mwaka huohuo watafiti wa Microsoft walichapisha miongozo 18 kuhusu mwingiliano wa binadamu na akili bandia, mmojawapo ukidai kwamba mashine inapokosea iwe rahisi kuisahihisha. Hata hatari ya kuiamini mno mashine inayojibu kwa adabu tunaijua tangu mwaka 1966, Joseph Weizenbaum, mtaalamu wa kompyuta wa chuo cha MIT nchini Marekani, alipotangaza ELIZA, programu sahili iliyogeuzageuza maneno ya mtu, na ambayo baadhi ya walioandikiana nayo waliona kwamba inawaelewa. Kinachokosekana, kwa maoni yangu, ni msanifu atakayekuja kukaa kibandani asubuhi nzima, penye kelele na haraka, kabla hajachora hata kitufe kimoja.

Nilimuuliza mama mdogo ni nini kingemfanya aichukue simu tena. Alisema irudie kiasi ilichosikia kabla ya kukiandika. Kisha akafikiri kidogo, akakataa pendekezo lake mwenyewe: isirudie kwa sauti, kwa sababu wateja wengine huwa wamesimama pale, na deni la mtu halitangazwi sokoni. Alitaka tarakimu ionekane kubwa kwenye kioo, aitazame yeye na mdeni wake tu, na wote wawili wakiikubali ndipo iandikwe. Mimi niliyemchagulia programu hiyo sikuwa nimeliwaza jambo hilo hata mara moja.